Ninunue flashi moja kubwa au mbili ndogo?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mpiga picha wa harusi, ofisi yangu iko Sinza, na kazi zangu nyingi ni za Jumamosi: asubuhi nyumbani kwa akina bibi harusi, mchana kanisani au msikitini, alasiri picha za maharusi ufukweni, na usiku ukumbini mpaka wageni waondoke. Ninatumia Canon 5D Mark III, lenzi mbili, na flashi moja ndogo inayotumia betri nne za kawaida, ambayo huwa ninaipachika juu ya kamera.

Flashi hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Tukifika Coco Beach saa 10 alasiri, nikiwasimamisha maharusi na bahari mgongoni wanakunja macho kwa jua. Nikiwageuza jua liwe nyuma yao, nyuso zinakuwa nyeusi, na flashi hata haionekani kama imewaka. Ukumbini tatizo ni lingine. Nikifyatua picha mbili tatu za haraka, flashi inakawia kujaa. Katika harusi ya hivi karibuni mshereheshaji alihesabu moja, mbili, tatu, kizibo cha shampeni kikaruka, nami nikaambulia picha ya giza yenye taa nyekundu za DJ tu. Mwenyekiti wa kamati ameshaiulizia picha hiyo.

Nimeweka fedha kidogo na sasa nina njia kadhaa mbele yangu. Mwenzangu wa Kimara anauza taa yake ya studio ya jouli 400 (jouli ndicho kipimo cha nguvu ya mwako), ile ya kuchomeka ukutani, pamoja na inveta na betri ya gari ya kuiendeshea. Bei yake ni nzuri na anataka jibu wiki hii. Duka moja la Kariakoo linauza Godox AD600Pro, flashi kubwa ya betri ya jouli 600, na muuzaji huyohuyo ananiambia kwamba kwa fedha hiyo naweza kupata AD200Pro mbili, zile ndogo za jouli 200, nikabaki na chenji ya stendi. Mpiga video ninayefanya naye kazi anasema niachane na flashi kabisa, ninunue taa ya LED ya wati 200 kama yake, kwa kuwa mwanga wake unauona kabla hujapiga. Nishike lipi? Nina pia harusi Zanzibar hivi karibuni, na sijui kama betri hizi zinaruhusiwa kwenye ndege.

Mpiga picha wa Sinza


Ndugu yangu wa Sinza,

Chukua AD200Pro mbili. Sababu nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa ninajua muuzaji atakapoiwasha ile kubwa mbele yako, na duka zima likawa jeupe, moyo utayumba.

Kwanza tuyaondoe yale mawili yanayoondoka kwa urahisi. Taa ya mwenzako ni ya studio, na kama ungekuwa na chumba cha kupigia picha za familia ningekuambia uichukue leo. Kwa harusi, betri ya gari na inveta ni mzigo unaotaka mtu wake peke yake, na inveta nyingi za bei nafuu hutoa umeme usio laini kama wa ukutani, jambo ambalo flashi za studio hazilipendi, kwa sababu huvuta umeme mwingi kwa mkupuo kila zinapojaza kapasita. Ukisema uichomeke ukutani, waya utapita miguuni mwa akina mama wanaoingia wakicheza na zawadi. Mjibu mapema ili atafute mnunuzi mwingine.

Ushauri wa mpiga video ni sahihi kwa kazi yake, kwani video inataka mwanga unaokaa. Kwa picha, fanya hesabu ndogo. Taa ya wati 200 hutumia jouli 200 kwa sekunde nzima. Shata yako ikifunguka kwa 1/200 ya sekunde, sehemu inayoingia kwenye picha ni ya jouli 1. Flashi ya jouli 200 humwaga karibu zote ndani ya muda huohuo mfupi. Hata tukikubali kwamba LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, pengo hilo ni kubwa mno kwa jua la Dar es Salaam. Ukumbini LED yake itakusaidia kufokasi gizani, na kwa kuwa anakuja nayo, hulipii kitu.

Linabaki swali lenyewe. Muuzaji atakuambia kwamba AD600Pro ina nguvu mara tatu ya AD200Pro, na hadanganyi, isipokuwa kamera haihesabu hivyo. Kila nguvu ya mwanga inapoongezeka maradufu unapata stopu moja: kutoka jouli 200 kwenda 400 ni stopu moja, na kufika 600 ni stopu moja na nusu hivi. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, tofauti hiyo yote unaipata ukiisogeza taa ndogo kutoka mita 3 hadi mita 1.7 kutoka kwa maharusi. Zaidi ya hapo, ukizifunga zile mbili kwenye mwamvuli mmoja wa kulainisha mwanga unakuwa na jouli 400, na unachopungukiwa mbele ya ile kubwa ni nusu stopu na kidogo, kiasi ambacho utakirekebisha kwenye kompyuta bila mtu kujua.

Sasa twende ufukweni. Jua la wazi lisilo na wingu, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata ya 1/200, ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa ya kamera yako kwenda sambamba na flashi kwa kawaida, hudai apacha, yaani tundu la lenzi, ya f/11 hivi. AD200Pro kwa nguvu kamili, ikiwa ndani ya softiboksi ndogo (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) na umbali wa mita 2, inalifikia jua hilo kwa kubanana. Kwa watu wawili inatosha, hasa ukiwasimamisha inavyotakiwa, na katika hilo nadhani wapiga picha wengi wa mjini hapa wanajitesa bila sababu. Coco Beach inatazama mashariki. Alasiri jua liko upande wa nchi kavu, nyuma yako wewe mpiga picha, kwa hiyo maharusi wenye bahari mgongoni lazima walitazame usoni, na hakuna flashi inayoweza kumfumbua mtu macho aliyopigwa na jua. Ulipowageuza ulikuwa unaelekea kwenye jibu. Endelea nalo: wasimamishe jua lije kutoka nyuma ya bega, mandhari iwe ufukwe wenyewe kwa urefu wake, kisha taa ije kutoka upande, karibu nao, ikijaza uso uliomo kivulini. Kujaza kivuli ni kazi ndogo kuliko kushindana na jua, na unaweza kuiacha flashi stopu moja chini ya mwanga wa nyuma, picha ikabaki ya asili.

Wanaotaka jua likizama majini wapeleke upande wa pili wa rasi, kwenye Ghuba ya Msasani, maeneo ya Slipway, ambako maji yako magharibi. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni kutegemea mwezi, na baada ya hapo giza halikawii hata nusu saa. Omba kamati ikupe maharusi muda huo badala ya saa 10. Jua likishalegea, AD200Pro moja kwa robo ya nguvu yake ni tele, nawe utashangaa ulikuwa unaitaka 600 kwa ajili ya nini.

Kuna mtego mmoja wa ufukweni ambao watu huingia nao kwa furaha. Utaambiwa upandishe shata hadi 1/2000 kwa ule mfumo wa usawazishaji wa kasi ya juu, ili upige kwa f/2.8 na mandhari iwe laini. Mfumo huo unafanya kazi, lakini flashi haitoi tena mwako mmoja. Hutoa mfululizo wa miako midogo wakati pazia la shata likipita, na unapoteza stopu mbili hivi, maana yake taa ya jouli 200 inakubakia kama ya 50. Inapata joto haraka pia, na ikishapata joto hujilinda kwa kukawia kujaa. Kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, cha stopu 3 mbele ya lenzi kitakuruhusu kubaki na 1/200 na kushuka kutoka f/11 hadi f/4, huku flashi ikifyatuka kwa nguvu zake zote.

Kwa ukoo mzima wa watu 30 mbele ya kanisa saa 8 mchana, AD200Pro haitoshi, na hapo mtetezi wa 600 ana hoja. Ila hata hiyo ikiwa ndani ya softiboksi itahangaika, kwa sababu lazima irudi mita 5 au 6 ili iwafikie wa pembeni. Ukiitoa softiboksi mwanga utafika, lakini utakuwa mkali, unaochora kivuli cha kichwa cha mjomba kwenye shati la aliye nyuma yake. Mimi ningewahamishia wote upande wa kivuli wa jengo na kuzipa taa mbili kazi ya kung'arisha nyuso tu. Kama sehemu kubwa ya kipato chako ni picha za vikundi vikubwa juani, nunua 600. Kwa ratiba uliyonieleza, sivyo.

Ukumbini ndiko hoja ya nguvu inakoisha kabisa. Kwa ISO 1600 na f/4, taa ya jouli 200 iliyo kwenye mwamvuli, mita 4 au 5 kutoka meza kuu, itafanya kazi kwa 1/16 ya nguvu yake. AD200Pro hujaa kwa sekunde 1.8 ikifyatuliwa kwa nguvu kamili, na betri yake hutoa miako 500 ya namna hiyo. Kwa 1/16 huoni ikikawia, na miako inaingia katika maelfu. Flashi ya betri nne ndogo, ikifyatuliwa kwa nguvu kamili, huchukua sekunde mbili na nusu au zaidi betri zikiwa mpya, na kadiri zinavyochoka ndivyo inavyozidi kukawia. Shampeni yako ilipotelea hapo.

Faida ya pili ni kwamba taa moja, hata ingekuwa na jouli 1,200, haiwezi kukaa kona mbili. Simamisha ya kwanza kwenye kona ya jukwaa, stendi ikiwa na urefu wa mita 2.5 hivi, ikitazama meza kuu kwa ubavu. Ya pili iweke kona iliyo mkabala, ikija kwa nyuma ya wageni. Popote utakaposimama, moja itamulika uso kutoka pembeni na nyingine itachora ukingo wa mabega na nywele, na maharusi hawatamezwa na mapambo yaliyo nyuma yao. Kwenye triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoziamuru taa kwa redio, zipe makundi A na B, ili ile inayokuingia ndani ya lenzi uizime kwa kidole bila kuikimbilia. Wakati wa kukata keki sogeza ile ya mbele mita moja au mbili na upunguze nguvu. Keki nyeupe, shela jeupe na suti nyeusi ndani ya fremu moja ni mtihani, na kosa la kawaida ni kuelekeza taa katikati ya bibi harusi, shela likaungua huku uso wake bado una giza. Igeuze taa kidogo, katikati ya mwanga ipite mbele yake na ukingo laini umguse yeye. Ngozi zetu nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana kutoka pembeni, ambao hutandaza mng'ao taratibu kwenye shavu. Flashi tupu iliyo juu ya kamera huacha doa jeupe kwenye paji la uso, hasa joto la Machi likishamtoa mtu jasho. Karatasi ya tishu mfukoni mwa msaidizi wako ni kifaa cha kazi, iandike kwenye orodha.

Usitegemee kurusha mwanga juu ya dari. Kumbi nyingi zina dari la mbali lililofunikwa vitambaa vya rangi za kamati, na harusi za nyumbani hufanyika chini ya turubai, ambalo hurudisha rangi yake mwenyewe. Kurusha mwanga kwenye kitambaa cha zambarau ni kuwapaka maharusi zambarau.

Uzito nao usiudharau. AD600Pro na betri yake ni kilo 3 hivi, kabla ya softiboksi. AD200Pro haifiki hata nusu ya huo, na kijana anaweza kuishika kwenye fimbo ndefu alasiri nzima akikufuata mchangani. Ufukweni ningependa ishikwe na mtu kuliko kuachwa kwenye stendi, maana upepo wa alasiri hugeuza mwamvuli kuwa tanga la ngalawa. Ukilazimika kutumia stendi, ifunge mfuko wa mchanga miguuni, na jioni uifute taa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa hewa ya chumvi hula viunganishi vya betri polepole.

Ile chenji ya stendi igawe. Stendi nzuri moja na betri moja ya akiba ina faida kuliko stendi mbili za kifahari, kwani taa isiyo na betri ni mzigo. Chukua betri halisi ya mtengenezaji. Zile za kuiga huandikwa uwezo uleule kwenye lebo lakini nyingi hazifiki, na betri ya lithiamu isiyo na saketi nzuri ya ulinzi si kitu cha kuchajia ndani ya nyumba watoto wakiwa wamelala. Chaji zote usiku wa kuamkia Ijumaa, usisubiri asubuhi ya harusi, umeme ukikatika usiwe na la kufanya. Usiziache ndani ya gari lililopaki juani wakati mko kanisani, na kama hutazitumia kwa wiki nyingi zihifadhi zikiwa na chaji nusu.

Triga inunuliwe kulingana na kamera: kwa Canon utachukua X-Pro yenye herufi C. Taa zenyewe hazifungwi na kampuni ya kamera, kwa hiyo siku ukihamia Sony au Nikon utabadilisha triga tu. Kama flashi uliyonayo ni ya mfumo huohuo wa redio, kwa mfano TT600, triga hiyo itaiamuru pia, nawe utakuwa na taa ya tatu ya kuweka nyuma ya keki bila kuongeza senti. Itafutie betri nne za kuchaji za NiMH, ambazo huijaza haraka kuliko za kutupa, na usichanganye mpya na za zamani.

Dukani, usiridhike na mwako mmoja wa maonyesho. Weka betri iliyojaa, fyatua kwa nguvu kamili mara 20 mfululizo na usikilize kama muda wa kujaa unabaki uleule; kagua bomba la flashi lisiwe na weusi, kwa sababu weusi ni dalili ya taa iliyokwisha kutumika; jaribu triga ukiwa upande wa pili wa barabara. Dai risiti ya EFD yenye namba ya kifaa, ndiyo utakayorudi nayo kukiwa na tatizo. Kumbuka pia kwamba bomba la AD200Pro liko wazi kichwa chake tupu kinapofungwa, na ni kioo chembamba. Lisafirishe ndani ya kikasha chake, na usilishike kwa vidole.

Kanisani, muulize padri au mchungaji kabla ya ibada; wengi hawataki flashi wakati wa kiapo, na hapo ISO 3200 ya kamera yako inatosha.

Kuhusu Zanzibar, usiwe na wasiwasi. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 bila kuomba idhini ya shirika. Ya AD200Pro ni volti 14.4 na mAh 2,900, sawa na wati-saa 42 hivi, na hata ya AD600Pro ni 75. Betri za akiba lazima ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye mizigo inayoingia chini ya ndege, na kila moja ifunikwe viunganishi vyake kwa utepe ili visigusane na chuma. Stendi na miamvuli ndiyo ikae kwenye mizigo. Ukiamua kwenda kwa boti, begi la kamera ingia nalo ndani, usiliache sitahani linakorukia maji.